Kwa nini Brutus muuaji aitwe “gentle”? Kuhusu maneno ya zamani ya Kiingereza yanayotaja tabia za watu

Mwalimu mmoja wa sekondari kutoka Morogoro ameuliza swali ambalo nalifupisha hivi: “Mwaka huu ninasoma na wanafunzi wangu tamthilia ya Shakespeare inayohusu Julius Caesar. Kila wakifungua kamusi wanakwama. Brutus kamchoma rafiki yake Caesar kisu, na bado anaitwa ‘gentle’. Fundi viatu, mtu mzima, anaitwa ‘naughty’, neno ambalo sisi tunamwambia mtoto aliyemwaga maziwa. Nyumbani nina Biblia ya King James, na humo hata tini zimeitwa ‘naughty’. Je, Waingereza wa zamani waliyatumia maneno ya tabia kiholela? Na nitawafundishaje watoto hawa bila kuwakaririsha orodha ndefu ya maana?”

Mwalimu, salaam. Nikupe jibu la mkato kwanza, kisha tulifumue. Hawakuyatumia kiholela hata kidogo. Maneno hayo yalikuwa na vipimo vikali, ila vipimo vyenyewe si vya leo. Mwingereza wa mwaka 1400 au 1600 alipotaja tabia ya mtu, mara nyingi alikuwa anataja pia mtu huyo kazaliwa tabaka gani, mwili wake umechanganyika vipi, na yeye msemaji yuko juu yake au chini yake. Kamusi ndogo ya shuleni imeyaacha hayo yote ikabakiza sifa ya moyoni peke yake. Hapo ndipo wanafunzi wako wanapokwama. Kwa hiyo kabla hawajauliza neno lina maana gani, wazoeshe kuuliza: sentensi hii iliandikwa lini, na nani anamsema nani?

Tuanze na fundi viatu wako, kwa kuwa yumo katika onyesho la kwanza kabisa. Tamthilia hiyo ilikuwa ikichezwa London mwaka 1599. Mafundi wameacha kazi, wamevaa nguo za sikukuu, wako barabarani kumshangilia Caesar. Viongozi wawili, Flavius na Marullus, wanawasimamisha na kuwahoji. Fundi viatu anajibu kwa mafumbo, na kiongozi mmoja anafoka: “What trade, thou knave? thou naughty knave, what trade?” Maneno mawili ya tabia yamekaa bega kwa bega, na yote mawili yana historia ndefu.

“Naughty” imetoka kwenye “naught”, yaani hakuna kitu, sifuri. Katika karne ya 14 mtu “naughty” alikuwa asiye na kitu, fukara. Kutoka ufukara neno likahamia kwenye kutofaa, na kutoka kutofaa likahamia kwenye uovu. Mwaka 1599 lilikuwa tusi la kumwambia mtu mzima: mtu ovyo, mtu mbaya. Portia, katika tamthilia nyingine ya Shakespeare, ile ya mfanyabiashara wa Venisi, anaona mwanga wa mshumaa wa nyumbani kwake usiku na kusema kwamba hivyo ndivyo tendo jema linavyong’aa katika “naughty world”. Anasema ulimwengu mwovu. Anayesoma utundu hapo ameiua sentensi nzima. Na zile tini zako ziko Yeremia 24: vikapu viwili, kimoja cha tini nzuri sana, kingine cha “very naughty figs” zisizoweza kulika. Fungua Biblia ya Kiswahili utakuta tini mbovu, basi. Matumizi ya kumwambia mtoto yalianza katika karne ya 17. Kadiri wazazi walivyozidi kulitumia kwa watoto wao, nusu wakikaripia na nusu wakicheka, ndivyo makali yake yalivyoisha, mpaka leo mtu mzima akiambiwa “naughty” ni utani.

“Knave” ni kisa kikubwa zaidi. Katika Kiingereza cha Kale “cnafa” alikuwa mtoto wa kiume tu, na Wajerumani mpaka leo wanasema “Knabe” kwa maana hiyo hiyo. Kutoka mvulana likawa mtumishi. Sisi hatuhitaji kuelezwa hatua hiyo ilivyopigwa: enzi za ukoloni mtu mzima mwenye wajukuu aliitwa “boi” jikoni kwa bwana wake. Kisha kutoka mtumishi likawa mtu mjanja, laghai, asiyeaminika, kwa sababu ndivyo mabwana walivyowaona watumishi wao. Sasa linganisha na “knight”. Hilo nalo, katika umbo la kale la “cniht”, lilikuwa mvulana, kijana wa kutumwa. Lakini kijana huyu alimtumikia mfalme au bwana mkubwa, akapewa farasi na upanga, na neno lake likapanda mpaka likawa cheo cha heshima. Maneno mawili yalianza karibu mahali pamoja, yakaachana kwa sababu ya nani anamtumikia nani. Tabia za wavulana wenyewe hazikuhusika kabisa.

Hapo sasa tunaweza kumkaribia Brutus. “Gentle” ni neno la Kifaransa lililotoka kwenye Kilatini “gentilis”, wa ukoo uleule. Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya ikulu, mahakama na mabwana wenye ardhi kwa vizazi vingi, na maneno mengi ya sifa njema yaliingia Kiingereza kupitia mlango huo wa juu. “Gentle” ilipoingia katika karne ya 13 ilimaanisha mtu aliyezaliwa katika ukoo bora. Hiyo ndiyo maana ya msingi, na mengine yote yamechipuka humo: anayezaliwa hivyo anatarajiwa kuwa na adabu, mwenye adabu anatarajiwa kutowakandamiza wanyonge, na mwisho kabisa ndipo tunapofika kwenye upole wa leo.

Msomaji wa Kiswahili ana silaha ambayo wanafunzi wa Uingereza hawana. Sisi tunalo neno muungwana. Katika miji ya pwani, tangu Lamu hadi Kilwa, muungwana alikuwa kwanza mtu huru, asiye mtumwa, mwenye ukoo unaojulikana mjini. Baadaye neno likawa la tabia: mstaarabu, mwenye kauli nzuri, asiyemvunjia mwenzake heshima. Njia hiyo ndiyo aliyopita “gentle”, hatua kwa hatua. Na upande wa pili wa mji tunaye mshamba. Neno la Kiingereza “villain”, ambalo leo ni yule mtu katili wa kwenye filamu, limetoka kwenye “villa” ya Kilatini, shamba kubwa la bwana. “Villanus” ni mtu wa shamba. Katika Uingereza ya ukabaila “villein” alikuwa mkulima aliyefungwa kwenye ardhi ya bwana wake, asiyeweza kuhama bila ruhusa. Kwa hiyo “villain” neno kwa neno ni mshamba, tofauti ni kwamba Waingereza walimsukuma mbali zaidi. Sisi mshamba wetu tumemwachia ujinga wa mjini na kutojua kuvaa. Wao wa kwao wamempa usaliti na mauaji. Ni dhuluma ya wazi, na sioni haya kuiita hivyo. Mtu aliyewalisha ndiye waliyemfanya kipimo cha ubaya.

Si huyo peke yake. Kabla ya 1066 kulikuwa na mtu aliyeitwa “ceorl”. Katika sheria za ufalme wa Wessex, “ceorl” alikuwa mtu huru wa kawaida, na fidia ya damu yake ilijulikana: shilingi 200, wakati ya mtu wa daraja la juu ilikuwa 1,200. Alikuwa chini, lakini alihesabiwa, aliyemuua alilipa. Baada ya Wanormani hadhi yake ikaporomoka, na jina likaporomoka naye. “Churl” wa Shakespeare ni mtu mkavu, bahili, asiye na adabu. “Mean” lilikuwa la kawaida, la wote, kisha likawa duni, kisha likawa la uchoyo na roho mbaya. “Lewd” alikuwa mtu asiye padri, basi. Kwa kuwa wasio mapadri hawakujua kusoma likawa mjinga, na kutoka ujinga likateleza hadi uasherati. Na “free”, mtu huru, lilikwenda juu: mshairi Chaucer anapomsifu yule “knight” wake kwa “fredom”, anasema ukarimu, mkono uliofunguka, kwa sababu mtu huru ndiye aliyedhaniwa kuwa na cha kutoa na moyo wa kutoa.

Usidhani watu wa enzi hizo hawakuiona hila hiyo. Chaucer mwenyewe, mwishoni mwa karne ya 14, katika hadithi anayoisimulia Mke wa Bath, mmoja wa wasimulizi aliowabuni, anamweka bibi kizee fukara amhutubie kijana shujaa wa ukoo mkubwa, kitandani, usiku wa ndoa yao. Kijana anamdharau kwa uzee, ubaya wa sura na uduni wa kuzaliwa. Bibi anamjibu kwamba mtoto wa bwana huonekana mara nyingi akitenda “vileynye”, yaani ushamba huohuo, na kwamba “he is gentil that dooth gentil dedis”: muungwana ni atendaye ya kiungwana. Mstari huu wasomee wanafunzi wako kabla ya kurudi Roma, kwa sababu ndio ubishi ulio ndani ya neno “gentle” wakati Shakespeare analishika. Neno lina nyuso mbili, ya damu na ya matendo, na mwandishi anazitumia zote.

Brutus basi. Cassius anapomshawishi aingie katika njama ya kumuua Caesar, hamwambii wewe ni mpole. Anamkumbusha kwamba aliwahi kuwako Brutus mwingine ambaye kamwe asingekubali Roma iwe na mfalme. Hoja ni ukoo. Na mwisho wa tamthilia, Brutus akiwa maiti, adui yake Antony anasema: “His life was gentle.” Maisha yake yalikuwa ya kiungwana. Muungwana anaweza kuua, na Brutus aliua akiamini kabisa kwamba anatenda jambo la kiungwana. Ukiweka “mpole” hapo, tamthilia inageuka kichekesho. Ukiweka “muungwana”, uchungu wake unarudi. Mwalimu Nyerere aliitafsiri tamthilia hii nzima kwa Kiswahili, toleo la kwanza likatoka mwaka 1963. Kama shule yenu ina nakala, ziwekeni mbili sambamba mezani, na kila mnapokutana na neno la tabia mtazame mtafsiri kaamua nini.

Antony anaendelea, na hapa linakuja jambo la pili nililolitaja, mwili. Anasema vitu vya asili, “the elements”, vilichanganyika ndani ya Brutus vizuri kiasi kwamba Maumbile yenyewe yangeweza kusimama na kuuambia ulimwengu: huyu alikuwa mtu. Leo tunasoma hilo kama maua ya ushairi. Kwa mtazamaji wa 1599 lilikuwa karibu na ripoti ya daktari. Kwa mafundisho yaliyoanzia kwa Wagiriki na kupangwa na tabibu Galen katika karne ya 2, mwili una maji manne: damu, nyongo ya njano, nyongo nyeusi na kohozi. Tabia ni uwiano wa maji hayo. Damu ikizidi mtu ni “sanguine”, mchangamfu na mwenye matumaini. Nyongo ya njano ikizidi ni “choleric”, hasira juu juu. Nyongo nyeusi humfanya “melancholy”, na kohozi humfanya “phlegmatic”, mzito wa kushtuka. “Humour” lenyewe ni umajimaji tu. “Temper” na “complexion” yote mawili ni majina ya mchanganyiko, na ndiyo maana “temper” njema ilikuwa ni mchanganyiko uliokaa sawa.

Nenda sasa tendo la nne, onyesho la tatu, Brutus na Cassius wanapogombana ndani ya hema. Brutus anamuuliza mwenzake kama anadhani ataogopa “rash choler” yake, anakataa kujikunyata mbele ya “testy humour” yake, anamwambia ameze mwenyewe sumu ya “spleen” yake, ile bandama iliyodhaniwa kuwa ghala la uchungu. Kila tusi limechukuliwa tumboni. Na Cassius anapotaka suluhu hasemi nimekosa. Anasema ni “that rash humour which my mother gave me”. Anadai amezaliwa nayo, mama yake kamrithisha mwili wa namna hiyo, naye Brutus anakubali udhuru huo papo hapo. Wanafunzi wakiona hapo tu kwamba tabia kwa watu hawa ni jambo la mwilini, linaloweza kurithiwa na kuombewa radhi kama ugonjwa, mambo mengi yatafunguka.

Hapa nina neno la pembeni. Mafundisho haya hayakwenda Ulaya tu. Yalitafsiriwa kwa Kiarabu huko Baghdad katika karne ya 9, yakatajirishwa na matabibu kama Ibn Sina, na kupitia Kiarabu yakafika pwani yetu. Balghamu tunayoitema wakati wa mafua ni neno lilelile la Kigiriki lililozaa “phlegmatic”. Safura, ambayo kwetu imebaki jina la ugonjwa wa upungufu wa damu, kwa Kiarabu ilikuwa nyongo ya njano. Na neno lenyewe tabia ni la Kiarabu, la maumbile, jinsi mtu alivyoumbwa. Tumekunywa kisima kimoja na kina Shakespeare, ila wao walichotea upande wa Kilatini.

Umeandika “Waingereza wa zamani”, nami sitaki kukuacha kwa Shakespeare, kwa sababu kwa wanaoichunguza historia ya lugha huyo ni wa juzi. Kiingereza cha Kale hasa kilisemwa kabla ya mwaka 1100 hivi, na humo mtaji wa maneno ya tabia ni mwingi na mzuri kupindukia. Neno mama lilikuwa “mod”: roho, akili na ujasiri kwa pamoja, karibu kabisa na moyo wetu tunaposema moyo mkuu au kupiga moyo konde. Kwa neno hilo walijenga mengine wakitakacho. “Eaðmod”, mwenye moyo laini, alikuwa mnyenyekevu. “Modig” alikuwa jasiri, na hilo ndilo leo limekuwa “moody”, mtu wa kununa. Ushujaa uliogeuka kununa ni anguko kubwa kuliko la “naughty”.

Ningependa uwasomee wanafunzi shairi moja la wakati huo, “The Wanderer”, lile la mtu aliyefiwa na bwana wake na sasa anazurura peke yake kwenye bahari yenye barafu. Limo katika kitabu kilichonakiliwa mwishoni mwa karne ya 10, ambacho Askofu Leofric, aliyefariki 1072, alikiachia kanisa kuu la Exeter, na mpaka leo kiko hapohapo. Katikati ya majonzi yake mtu huyu anaeleza mwenye hekima awe vipi. Kwa Kiswahili changu: mwenye hekima hana budi kuwa na subira, asiwe “hatheort” mno, mwenye moyo wa moto, wala “hrædwyrde” mno, mwepesi wa ulimi, asiwe mpiganaji mlegevu mno wala asiyefikiri mno, asiwe mwoga mno wala mwenye furaha mno, asiwe “feohgifre” mno, mwenye uchu wa mali, wala asiwe kamwe mwenye shauku mno ya majigambo kabla hajajua vizuri.

Angalia hiyo “mno” inavyorudi, kwa Kiingereza cha Kale “to”. Mshairi hakatazi moto wa moyo, hakatazi furaha, na hata majigambo hayakatazi moja kwa moja. Anakataza kuzidisha, na kujigamba kabla ya kujua. Kwa nini majigambo yawe jambo la hekima? Kwa sababu katika ukumbi wa bwana, pombe ya asali ikizunguka, mpiganaji alisimama mbele ya wenzake na kutamka atakachofanya vitani. Maneno hayo yalikuwa deni. Aliyetamka akashindwa kutenda aliishi na aibu mbele ya mashahidi. Anayejua majigambo ya Wahaya, jinsi shujaa anavyojitaja mbele ya mtawala wake, hatahitaji maelezo marefu hapo. Na “feoh” katika “feohgifre” ni mifugo na mali kwa neno moja, jambo ambalo mfugaji yeyote wa kwetu angeliona la kawaida.

Neno moja la enzi hiyo linabishaniwa mpaka leo, nami nalipenda kwa sababu ubishi wenyewe unafundisha. Mwaka 991, huko Maldon katika Essex, kiongozi Byrhtnoth aliwazuia Waviking kwenye njia nyembamba inayofunikwa na maji ya bahari. Wakaomba wapishwe wavuke, naye akawapisha. Akauawa, na jeshi lake likavunjika. Mshairi anasema alifanya hivyo kwa “ofermod” yake, yaani “mod” iliyopita kiasi. Je, anamlaumu kwa kiburi au anamlilia kwa ujasiri uliofurika? Katika maandishi ya dini neno hilo ni kiburi, dhambi ya Shetani. Lakini huyu ni mshairi wa vita, na vitani moyo mkubwa ni sifa. Mimi naegemea upande wa lawama, lawama ya mtu anayempenda anayemlaumu, ila naheshimu wanaopinga.

Mgongano huohuo umo katika mstari wa mwisho wa Beowulf, shairi la mistari zaidi ya 3,000. Watu wake wanamzunguka kaburini na kumsifu kwa maneno manne: alikuwa mwema kuliko wote, mtulivu kuliko wote, mpole kuliko wote kwa watu wake, na “lofgeornost”, mwenye kiu kuu kuliko wote ya kusifiwa. Shujaa aliyeng’oa mkono wa dubwana anaanza kusifiwa kwa upole! Hilo tu lingetosha kuvunja picha ya Waingereza wa kale kama watu wa mapanga tupu. Lakini hilo la nne, ambalo mshairi amelipa kiti cha mwisho, kwa watawa walioandika nathari ya mafundisho lilikuwa kasoro: mpenda sifa, mtu wa kujionyesha. Kamusi itakupa maana zote mbili. Ya kuchagua ipi, utajua kwa kumtazama msemaji.

Mengine nitayapita haraka, maana utayakuta ukianza kutafuta. “Silly” katika umbo la kale la “sælig” lilikuwa mwenye baraka, mwenye heri. Likawa asiye na hatia, kisha wa kuhurumiwa, kisha dhaifu, kisha mpumbavu. “Sad” alikuwa aliyeshiba. Kutoka shibe likawa zito, kisha imara, kisha makini, na huzuni ikaja baadaye. Ndiyo maana Brutus anapouliza kwa nini Caesar anaonekana “sad”, anauliza kilichomfanya akunje uso, si nani amefariki. “Nice” alikuwa mjinga, kutoka Kilatini cha asiyejua. “Fond” alikuwa mpumbavu pia, na Caesar anamwambia “Be not fond” mtu anayempigia magoti: usiwe mpumbavu wa kudhani nitalainika.

Kuhusu wanawake lazima nisimame kidogo, kwa sababu hapo maneno yameonea kuliko mahali pengine. Chaucer anamtaja ofisa mmoja wa mahakama ya kanisa, mwanamume, kwamba alikuwa “a gentil harlot and a kynde”. Ndiyo, “harlot” ni mwanamume: jamaa wa mitaani, mhuni wa kupendeza. Karne chache baadaye neno limewahamia wanawake peke yao, kwa maana ya kahaba, na wanaume wametoka humo wakiwa safi. “Shrew” nalo lilikuwa mtu mwovu, zaidi mwanamume. Likabaki kwa mke mwenye mdomo. Lakini “shrewd”, mtoto wake, lilipanda na kuwa mwerevu wa biashara, na hilo wanaume walipewa kwa ukarimu. “Buxom” alikuwa mtiifu, anayeinama. Katika ibada ya ndoa ya Uingereza kabla ya mageuzi ya dini bibi arusi aliapa kuwa “bonere and buxum” kitandani na mezani. Kitabu kipya cha sala cha 1549 kikaweka “obey” mahali pake. Leo “buxom” ni kifua cha mwanamke. Sijui neno jingine lililoshuka kutoka kiapo hadi umbo la mwili namna hiyo, na wasichana wa darasa lako wana haki ya kuambiwa.

Sasa namna ya kufundisha. Orodha usiwakaririshe. Wape sentensi moja, wafunge kamusi, na wajibu kwanza msemaji ana cheo gani na anayesemwa ana cheo gani. Kisha watafute kinyume chake kilicho karibu: tini “naughty” zimewekwa mkabala na tini nzuri, kwa hiyo ni mbaya, Portia ana tendo “good” mbele ya ulimwengu “naughty”. Mwandishi mzuri mara nyingi ameshaacha jibu palepale. Kamusi ije mwisho, na iwe ya kihistoria. Kamusi kubwa ya Oxford, iliyoanza kuchapishwa kwa vipande mwaka 1884 na kukamilika 1928, inapanga maana kwa umri, ya zamani kwanza, na kila moja ina mifano yenye mwaka wake. Kwa Chaucer na wenzake, kamusi ya Kiingereza cha Kati ya Chuo Kikuu cha Michigan iko wazi kwenye intaneti bila malipo. Hata kamusi ya Samuel Johnson ya 1755 itakufaa, kwa sababu yeye alikuwa karibu na Shakespeare kuliko sisi, na humo amemnukuu mara nyingi mno.

Kwa Biblia ya King James, kumbuka ilitoka 1611 ikiwa tayari na Kiingereza cha kizazi kilichotangulia, kwa sababu mengi humo yalichukuliwa kwa mtafsiri William Tyndale, ambaye Agano Jipya lake lilichapwa 1526. Hapo una msaada wa karibu kuliko kamusi zote, yaani Biblia ya Kiswahili iliyo kabatini kwako. Waebrania 13:5 King James inasema “conversation” yenu isiwe na tamaa, na mwanafunzi atadhani ni mazungumzo. Ya Kiswahili inasema msiwe na tabia ya kupenda fedha. Katika 1 Petro 2:9 waumini ni “a peculiar people”, na leo hilo lingekuwa watu wa ajabu ajabu. Ya Kiswahili inasema watu wa milki ya Mungu.

Mkimaliza Roma, nakushauri mwende kwenye Othello, tamthilia ya miaka ya 1604 hivi, kwa ajili ya neno moja tu, “honest”. Kwa mwanamume lilikuwa mtu mwaminifu, wa kutegemewa, na mkubwa alilitumia kwa mdogo wake kwa namna ya kumpapasa bega. Othello anamwita Iago hivyo tena na tena, naye Iago, askari aliyenyimwa cheo, analimeza kila mara. Kwa mwanamke lilikuwa jambo moja, kutunza ndoa yake. Gawa darasa makundi mawili: moja likusanye kila “honest” anayoambiwa Iago, jingine likusanye zinazomhusu Desdemona, mke wa Othello, na kando ya kila moja waandike nani kasema, kwa nani, na msemaji anajua nini wakati huo. Waanze na tendo la tatu, onyesho la tatu. Ndimo neno hilo lilimojaa zaidi, na linatosha kwa vipindi viwili.